Nyumba njema si mlango: mtoto wa mzee wa kanisa anapoacha imani

Swali: Mume wangu ni mzee wa kanisa kwa miaka 11 sasa, na mwaka huu jina lake limependekezwa awe mwenyekiti wa baraza la wazee. Tuna watoto wawili. Mkubwa ana miaka 24, anajitegemea, ameacha kusali na anasema wazi kwamba haamini tena. Anaishi na binti ambaye hawajafunga naye ndoa. Mdogo ana miaka 16, yuko nasi nyumbani. Baadhi ya wazee wamesoma Tito 1:6 wakasema mume wangu hafai, tena si uenyekiti tu, hata uzee wenyewe auache. Mume wangu alimwomba kijana arudi kanisani walau mpaka kikao kipite. Kijana alikataa, na tangu siku hiyo hawaongei. Kikao kiko baada ya wiki tatu. Je, Biblia inamzuia mume wangu?

Jibu: Dada yangu, nitangulize jibu lenyewe ili usisome yote haya roho ikiwa juu. Ninavyolielewa Neno, kijana wa miaka 24 anayejitegemea akiacha imani, baba yake hapotezi sifa ya uzee kwa sababu hiyo peke yake. Ila katika barua yako kuna jambo lililonisumbua kuliko Tito 1:6, nalo ni lile ombi la kijana arudi kanisani mpaka kikao kipite. Nitalifikia.

Wazee waliomsomea mumeo andiko hilo tusiwaone wakorofi. Wanasoma kilichoandikwa. Paulo anamwambia Tito aweke wazee katika kila mji wa Krete, na kati ya sifa anazotaja kuna "watoto waaminio", wasioshitakiwa kwa ufisadi wala uasi. Tena usomaji mkali wa mstari huo si wa leo. Mwaka 397 maaskofu wa Afrika ya Kaskazini walipokutana Carthage, waliagiza kwamba mtu asiwekewe mikono kuwa askofu, kasisi au shemasi kabla hajawaleta watu wote wa nyumbani mwake kwenye imani. Kwa hiyo ndugu wa baraza lenu wana mababu wakubwa nyuma yao. Lakini angalia agizo lile lilimgusa nani: walio nyumbani mwake, na kabla hajawekewa mikono. Mtoto aliyekwisha kutoka na kuanzisha maskani yake, baba akiwa mzee wa miaka mingi, ni habari nyingine.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Kigiriki cha Tito kinasema *tekna pista*. *Tekna* ni watoto. *Pistos* lina sura mbili: anayeamini, na anayeaminika, yaani mwaminifu. Hapa lugha yetu ina bahati, maana kitenzi chetu kimoja cha kuamini kimezaa "waaminio" na kimezaa "waaminifu", jinsi *pistos* linavyobeba maana zote mbili. Barua hizi za kichungaji, yaani 1 na 2 Timotheo na Tito, zinatumia *pistos* kwa maana zote mbili. Katika 1 Timotheo 6:2 mabwana ni waaminio, na katika 1 Timotheo 1:15 neno ni la kuaminiwa. Wafasiri wa Biblia iliyozoeleka walichagua "waaminio", na si kosa. Wangeweza pia kuandika "waaminifu", watoto wasiomletea baba yao fedheha, na sarufi isingewazuia.

Mimi naelekea kwenye "waaminifu", kwa sababu ya maneno yanayofuata pale pale. Paulo anaeleza anachokiogopa: mtoto anayeshitakiwa ufisadi na asiyetii. Na hapa lazima nisimame kidogo, maana msomaji wa leo akisikia ufisadi anafikiria fedha za umma zilizoliwa. Siyo hiyo. Neno la Kigiriki ni *asotia*, lile lile la Waefeso 5:18 linapozungumzwa suala la kulewa, na ni ndugu wa neno alilotumia Luka kueleza mwana mpotevu alivyotapanya urithi wake. Ni maisha ya ulevi na anasa yasiyo na breki, yanayojulikana mtaa mzima. Na "wasiotii" ni watu wasiokubali mamlaka yoyote. Hebu fikiria Krete ya wakati ule: makanisa bado machanga, na walimu wa uongo wanaingia nyumba hadi nyumba. Mistari mitano tu baadaye, Tito 1:11, Paulo analalamika kwamba watu hao wanapindua nyumba nzima nzima. Basi ikiwa nyumba ndizo zinazopinduliwa, mzee anayetafutwa ni yule ambaye yake haijapinduliwa. Hilo ndilo lililokuwa mezani. Paulo hakuwa anahesabu mioyo ya watoto wazima kama mtu anavyohesabu mahudhurio.

Andiko lisomwe na mwenzake. 1 Timotheo 3:4-5 inataka askofu awe mtu anayeisimamia nyumba yake vema na kuwatiisha watoto wake "katika ustahivu", yaani kwa heshima. Ustahivu huo ni wa nani, wa watoto au wa baba? Kigiriki kinaruhusu kote kuwili. Wengi tumehubiriwa kwamba ni watoto wakae kimya na kuinamisha vichwa. Inawezekana pia Paulo anasema kwamba baba ndiye anayetakiwa awatiishe kwa namna ya kiungwana, bila matusi, bila mkono mwepesi. Ningependa kila baraza la wazee liketi siku moja na maana hiyo ya pili.

Halafu linakuja swali la mstari wa 5: asiyejua kuisimamia nyumba yake mwenyewe, atalitunzaje Kanisa la Mungu? Umeona kitenzi kilivyobadilika? Nyumba inasimamiwa, Kanisa linatunzwa. Na "kutunza" hapo ni kitenzi cha Kigiriki kinachopatikana mahali pengine pamoja tu katika Agano Jipya, katika Luka 10, Msamaria alipomchukua yule aliyepigwa na wanyang'anyi, akamfikisha nyumba ya wageni akamtunza, kisha akamwambia mwenye nyumba naye amtunze. Kwa hiyo Paulo anapouliza kuhusu nyumba ya mzee, anauliza kama mtu huyu anajua kubeba majeruhi. Nyumba ambayo haijawahi kuwa na majeruhi haiwezi kujibu swali hilo. Nyumba yenu sasa inaweza, kwa heri au kwa shari.

Najua mtaletewa habari ya kuhani Eli na wanawe. Huletwa kila mara. Lakini soma 1 Samweli 2 na 3 polepole. Hofni na Finehasi hawakuwa vijana walioacha dini na kwenda zao. Walikuwa makuhani kazini, wakinyang'anya nyama za dhabihu na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni pa hema, na Eli alikuwa baba yao na mkuu wao kwa wakati mmoja. Aliwasema, lakini aliwaacha madarakani. Mungu anamlaumu kwamba wanawe walijiletea laana "wala yeye hakuwazuia". Na aliyekulia ndani ya nyumba hiyo hiyo ya Eli, Samweli, naye alizaa Yoeli na Abiya, akawafanya waamuzi Beer-sheba, wakala rushwa. Andiko halisemi Mungu alimwondoa Samweli kwa ajili ya hao wawili. (Kama kuna funzo la ziada hapo, ni juu ya viongozi wanaowapa watoto wao vyeo. Hilo makanisa mengi hayalijadili, ingawa lingefaa kujadiliwa kabla ya suala la mwanao.) Kinacholingana na Eli ni baba ambaye mtoto wake anaharibu ndani ya huduma na baba anamfunika. Mwanao hana huduma yoyote. Amesema ukweli kuhusu hali yake na ametoka. Kwa namna fulani ni kinyume kabisa cha Hofni.

Mtaletewa pia Mithali 22:6, mlee mtoto katika njia impasayo naye hataiacha hata akizeeka. Nasi tunayo yetu, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali, za Sulemani na za wahenga, hueleza jinsi dunia inavyoenda mara nyingi, na hakuna anayeishitaki methali mahakamani ikimwendea kombo. Sulemani huyo huyo ana methali inayosema mkono ulio hodari huleta utajiri, na sote tunawajua wachapakazi waliokufa maskini. Ezekieli 18 inasema mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba uovu wa mwanawe. Na Isaya anafungua kitabu chake na Mungu mwenyewe akilia kwamba aliwalea watoto nao wakamwasi. Tukisema mtoto akiasi lazima mlezi alikosea, tutakuwa tumesema neno zito kuliko tulivyokusudia.

Kuhusu sifa nyingine iliyo katika Tito 1:6, "mume wa mke mmoja", sitakaa sana, kwa kuwa hukuuliza. Nalitaja kwa sababu linasaidia kuona orodha hizi zinavyosomwa. Paulo aliyeziandika hakuwa na mke wakati anawaandikia Wakorintho, na anasema hivyo katika sura ya 7. Tukizisoma kwa rula, Paulo hana sifa za uzee. Asiyejaliwa mtoto hana sifa. Mwenye mtoto mmoja naye ana mashaka, maana andiko linasema watoto. Hakuna baraza lenye busara linalosoma hivyo. Linaelewa kwamba Paulo anachukua mtu wa kawaida wa wakati wake, mwenye mke na watoto, na kuuliza anaishije na hao alio nao.

Kuna msemo kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nimeketi katika vikao vingi vya kuwahoji watu waliopendekezwa kwa utumishi, na karibu kila mara tuliishia mlangoni: watoto wangapi, wamebatizwa, wanasali wapi. Ipo familia moja ambayo mlango wake ulipendeza. Watoto wote kwaya, wote wanajua mistari kwa kichwa. Siku moja nilikwenda bila kutoa taarifa, nikabisha hodi, akatoka mtoto wa miaka sita hivi akaniambia kwa adabu zote: "Baba amesema hayupo." Nilicheka njia nzima kurudi, kisha sikucheka tena. Mtoto yule alikuwa anafundishwa kitu, na kilikuwa kinamwingia vizuri kuliko ile mistari.

Ndiyo maana ombi la mumeo kwa kijana linanisumbua. Namwelewa. Miaka 11 ya utumishi, watu wananong'ona, na mtu anashika chochote kilicho karibu. Lakini tazama alichoomba. Alimwomba mtoto asiyeamini akae kwenye benchi na kujifanya anaamini, ili baba apite kwenye mtihani ambao kiini chake ni uaminifu. Kijana akisikia ombi kama hilo haambiwi kwamba baba anamlilia roho yake. Anaambiwa kwamba yeye ni kipengele kwenye fomu ya baba. Na ikiwa alikuwa na shaka kama dini ya nyumbani ilikuwa ya kweli au ya kuonekana, siku hiyo alipata jibu, tena lisilo la haki kwa baba ambaye huenda miaka yote alikuwa mkweli. Kukataa kwake kulikuwa na uaminifu wa aina yake. Huenda mumeo mwenyewe ndiye aliyemlea nao.

Kwa hiyo ningekuwa kwenye baraza hilo nisingeuliza kijana yuko wapi. Ningeuliza mambo mengine. Alipokuwa chini ya paa lenu, baba yake alikuwepo au aliishi vikaoni? Aliyoyasikia mimbarani aliyaona mezani? Alipoanza kuuliza maswali magumu, alijibiwa au alinyamazishwa? Kulikuwa na kipigo, matusi, ulevi, fedha zisizoelezeka? Mke anasema nini, tena akiulizwa peke yake na mtu anayemwamini, kwa sababu mke akiulizwa mbele ya mumewe karibu siku zote atasema mambo ni mazuri. Majibu ya maswali hayo yakiwa mabaya, mumeo ajiuzulu hata kama watoto wote wawili wangekuwa wainjilisti. Hasa kama kuna ukatili. Hapo hakuna mjadala wa Kigiriki.

Na wewe dada, maswali hayo nakurudishia pia, kwa upole. Barua yako haikugusa hata moja. Huenda hakuna la kugusa. Kama lipo, unalijua wewe.

Mtoto wa miaka 16 ni suala jingine, na hapa nakubaliana zaidi na wanaosoma Tito kwa ukali. Huyu yuko chini ya mamlaka yenu, ndiye andiko linamgusa moja kwa moja. Sisemi alazimishwe kuamini, imani hailazimishwi. Nasema baraza lina haki ya kuona kama nyumbani kuna utaratibu, kama anasikilizwa na kuonywa, kama wazazi wanajua anakolala na anaowafuata. Ila naogopa jambo moja. Mtoto wa kwanza akiteleza, yule anayebaki hubebeshwa sifa ya nyumba nzima. Wazazi humwangalia kila hatua, waumini humwangalia mara mbili, na maskini anakuwa shahidi wa utetezi katika kesi ya baba. Mwambieni kwa maneno, msidhani anajua, kwamba kiti cha baba hakimtegemei yeye.

Umeniandikia pia kwa kupita kwamba kijana anaishi na binti, na nahisi nyuma yake kuna swali ambalo hukuliuliza: wakija nyumbani, wapokelewe? Wapokelewe. 1 Wakorintho 5 huwa inatumiwa kufunga mlango huo, lakini Paulo mle ndani anaeleza waziwazi kwamba hazungumzii watu wa nje, anazungumzia mtu anayeitwa ndugu na huku anaishi hivyo. Mwanao amesema yeye si ndugu tena kwa maana hiyo. Kuwapikia chakula si kuwabariki ndoa. Mtakavyopanga vyumba vya kulala ni uamuzi wenu wenye nyumba, na mtu mzima anaweza kuambiwa hilo bila kutukanwa.

Sasa kikao. Mumeo asisubiri kuulizwa. Amwone mchungaji wiki hii, aeleze hali yote mwenyewe, pamoja na lile ombi alilomtolea kijana, maana likija kujulikana kwa njia nyingine litasomwa kama hila. Aseme kwamba baraza likizungumza habari za mwanawe yeye atatoka nje, na lipigiwe kura bila yeye kuwemo. Mimi binafsi ningemshauri aondoe jina lake kwenye uenyekiti kwa kipindi hiki. Sifa anazo, hilo nimekwisha kusema. Ila mwenyekiti wa baraza ana jioni chache sana za nyumbani, na ninyi sasa mnazihitaji. Hilo ni shauri langu, si andiko, mkiliona halifai mliache. Uzee wenyewe asiuachie kwa sababu ya kijana. Na mkutano ukiamua vinginevyo baada ya kumsikiliza kwa haki, akubali bila kugawa kanisa. Kuna wazee waliokuwa sahihi katika hoja na wakakosea katika namna walivyoondoka.

Kabla ya yote hayo kuna safari moja. Wiki tatu zinatosha. Mumeo aende kwa kijana, peke yake, asitume ujumbe wa simu wala mjomba. Amwombe msamaha kwa lile ombi, na aseme kwa kinywa chake kwamba halipo tena. Asitaje kikao. Asimalizie na mwaliko wa Jumapili. Kama yule binti yupo nyumbani siku hiyo, amsalimie kwa jina.